Pakiti ya Pili ya Pudini

Wanafunzi walimwita Mama Uji, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kila asubuhi alikoroga uji wa watoto mia tatu shuleni, na hakuna aliyewahi kukuta donge kikombeni. Leo alikuwa jikoni kwake, amekodolea macho bakuli dogo la pudini lililojaa madonge tele. Loh!

Pudini ilikuwa ya mama mkwe. Kiharusi kilimpiga mwezi uliopita, kikamwacha koo limelegea na ulimi hautoi neno. Chakula kilipita kwenye mpira wa puani. Mpira huo aliuchukia. Mara mbili aliung'oa, na mara mbili alirudishiwa huku machozi yakimtoka. Saa nne muuguzi angekuja kumpima. Akimeza vijiko vitatu bila kupaliwa, mpira unatoka. Akipaliwa, unabaki.

"Iwe laini kabisa," muuguzi alikuwa amesema, akiacha pakiti mbili za unga wa pudini. "Donge moja tu litampalia."

Kufundishwa kukoroga, yeye? Mama Uji hakusoma hata maelezo. Alifanya kama afanyavyo siku zote: unga akauvuruga kwa maziwa kidogo ya baridi kikombeni, maziwa mengine akayabandika motoni. Lakini unga ule haukungoja moto. Uliganda palepale, na alipouchota na kuutia kwenye maziwa ya moto ukakatika vipande vipande. Maziwa yalichemka, na mpishi akachemka pia.

Alilijua donge tangu siku nyingi. Asubuhi yake ya kwanza katika nyumba hii, miaka kumi na tisa iliyopita, mama mkwe aliopoa moja kwenye uji, akaliweka ukingoni mwa kisahani, mawifi wote wakiangalia.

"Mkwe, hili tutafune au tumeze?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo hakuna sufuria iliyoepuka kijiko cha mama mkwe. Alionja, akaguna, akaenda zake. Hakusifu hata siku moja. Na tuseme ukweli: nyumba ilipokuwa kimya mwezi huu, Mama Uji alipumua, kisha akajionea aibu kwa kupumua.

Saa tatu na nusu. Alivaa miwani, akaisoma pakiti ya pili neno kwa neno. Ala! Kumbe haitaki moto kabisa. Alimimina maziwa ya baridi bakulini kwanza. Unga akaupitisha kwenye chujio la chai, akiunyunyiza kidogo kidogo huku mkono wa pili ukikoroga kwa uma bila kupumzika, mpaka chini kabisa na pembeni. Dakika mbili. Akaiacha itulie dakika tano, asiiguse, ingawa vidole vilimwasha. Kisha akaisukuma yote kwenye chujio safi. Wavu ulibaki mtupu.

Muuguzi alimkalisha mgonjwa wima, akashika kijiko mwenyewe. Cha kwanza kikashuka. Cha pili kikashuka. Cha tatu kilikaa mdomoni muda mrefu, na Mama Uji akajikuta naye anameza mate. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa.

Kisha midomo ikaanza kuhangaika.

"Ma... do... nge."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Muuguzi alishtuka. "Kuna madonge?" Akakigeuza kijiko kwenye mwanga, akamtazama mpishi kwa jicho kali, na kalamu ikaenda kwenye karatasi.

Mama Uji alilitazama bakuli. Hata leo, jamani. Hata leo!

"Sista, ngoja," alisema, maana mama mkwe alikuwa ameinua kidole. Hakuwa amemaliza. Alivuta pumzi, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Ha... ku... na."

Kalamu ilisimama. Muuguzi alicheka, akaanza kubandua plasta iliyoshikilia mpira puani.

"Ndiyo, mama," alisema Mama Uji. "Hakuna."