Barua Iliyofungwa ya Mahmoud

Samira alibonyeza mara moja, programu ikapakuliwa kabla chai haijachemka. Bure, wala hakuna aliyemwuliza yuko nchi gani. Bibi yake, Zabibu, akaisogelea kompyuta.

"Sisi ilituchukua miezi minne," akasema.

Enzi hizo walikuwa hawajahamia mtaa huu wa Kensington, hapa Johannesburg. Yeye na marehemu mumewe, Mahmoud, fundi wa kompyuta, walipanga chumba Jeppestown, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Programu hiyo ya kufunga barua kwa siri, Wamarekani waliihesabu kama silaha. Kuitoa nchini kwao kwenye diski lilikuwa kosa. Kitabu hawakukizuia. Basi walioitunga wakaichapa yote kitabuni, na rafiki mmoja akamletea Mahmoud nakala. Mahmoud akaipiga chapa upya kwenye kompyuta, Zabibu akamsomea. Kiingereza hakukijua, ila katika chuo cha Kurani, Tanga, alizoea kutamka herufi mojamoja kabla ya kujua maana, akawa anaghani: mabano fungua, nukta, mabano funga. Miguu yao minne ndani ya beseni moja la maji moto, kwa baridi ya Julai.

Mahmoud alipofariki aliacha kwenye kompyuta barua moja imefungwa kwa programu hiyo, imeandikwa jina la Burhani, mdogo wake wa Tanga. Miaka yote Zabibu aliogopa kuuliza. Mume anamficha nini mke aliyemsomea kitabu kizima, kama si mke mwingine? Leo asubuhi alijikaza, akampigia Burhani. Burhani akatoa nywila huku akicheka, kilichomo akakataa kusema.

Barua ikafunguka. Samira akasoma kwa Kiswahili chake cha kujikwaa:

"Burhani, nimefunga kwa sababu Zabibu wangu husoma kila ninachoandika. Nilijitia kutengeneza mbuzi yake ya nazi, nimeivunja. Tuma nyingine kabla ya Idd, useme ni zawadi yako. Mimi naona aibu."

"Eish, Bibi. Ndiyo hiyo tu?"

Zabibu alicheka mpaka akashika meza. Akapiga simu.

"Shemeji, kila Idd nakushukuru kwa mbuzi ile. Umekula shukrani za mwenzio."

"Na zilikuwa tamu, shemeji," akajibu Burhani.

Zabibu alipokata simu akavuta kiti karibu na mjukuu wake. Mahmoud akiwa hai alimwita mkewe Mama Najma tu, kwa jina la binti yao.

"Hebu nionyeshe," akasema, "hapo alipoandika Zabibu wangu."