Sindano Iliyoandikwa Kwenye Diski

Kabla ya alfajiri nilisikia kitu kikigonga: kt, kt, kt. Kikanyamaza. Kisha tena: kt, kt, kt. Nikadhani ni mjusi ukutani, lakini mjusi hagongi kwa hesabu. Mtu wa umri wangu halali, husinzia vipande vipande tu, kwa hiyo sikuona hasara kuamka. Nikajifunga shuka nikaenda sebuleni kwa kupapasa.

Sauti ilitoka chini ya meza, ndani ya kompyuta ya mkwe wangu. Kwenye skrini, maandishi meupe yalikuwa yamejaa hadi chini, mstari uleule ukirudiwa na kurudiwa, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika.

Mkwe wangu ni mkunga. Nyuma ya nyumba yetu kuna jengo lenye vitanda sita, na wanawake wa mitaa ya jirani huja kujifungulia hapo. Kijana wangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo nyumbani tupo wawili, mimi na mkewe, na tunapatana kuliko ninavyopatana na huyo niliyemzaa. Kompyuta zilikuwa mbili: ya sebuleni, iliyotunza rejista ya akina mama wote wa miaka saba, na ya mapokezi kule jengoni. Waya mweusi uliziunganisha kwa kupita juu ya ukuta wa ua, pale ninapoanika nguo. Zote zilitumia Linux. Fundi wetu alituwekea bila malipo, akasema kompyuta zetu ni vikongwe, na mifumo mingine inataka vijana.

Nilikuwa bado nimesimama pale na shuka langu simu ilipolia. Mkwe wangu akaipokea kwa kukimbia. Nikamwona anashika ukingo wa meza.

"Ndiyo, daktari. Ni mgonjwa wangu. Ndiyo, ile sindano ilikaribia kumuua." Akasikiliza. "Niliandika. Nitakutafutia. Saa tatu? Nitapiga kabla ya saa tatu."

Akaweka simu akanigeukia. "Mama, ni mke wa fundi cherehani. Wamempeleka hospitali kubwa usiku, mtoto amekaa vibaya, watampasua saa tatu. Daktari anasema hawezi kungoja zaidi ya hapo. Anataka jina la sindano iliyomvimbisha koo mwaka juzi."

"Si ulimwandikia kadi?"

"Kadi aliifua na gauni."

"Na wewe huikumbuki?"

"Nakumbuka ni moja kati ya mbili." Akafuta uso kwa kiganja. "Moja kati ya mbili si jibu la kumpa mtu aliyeshika kisu."

Ndipo akasikia ile kt, kt, kt. Akainama, akaangalia skrini, akabonyeza vitufe. Hakuna kilichosogea. Daftari la zamani la karatasi lilikwishaloa wakati paa lilipovuja, wino ukawa rangi ya chai. Zilibaki disketi. Kila mwisho wa mwezi alinakili rejista kwenye disketi, na mimi ndiye niliyezitunza, kwenye kabati la vifaa, pakavu, pasafi. Nilimletea zote kumi na moja. Akazipeleka kwenye kompyuta ya mapokezi, akazitia moja baada ya moja. Nilimngoja mlangoni. Aliporudi sikuhitaji kuuliza.

"Hazisomeki. Hata moja."

Akampigia fundi.

Fundi wetu ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyeanza kwa kutengeneza redio. Watu wanamwita Bisibisi kwa sababu huchomeka bisibisi kwenye nywele zake, na siku moja alikwenda nayo harusini. Alifika kabla jua halijachomoza, sanduku begani, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

"Nani kafa?" akauliza.

"Bado hakuna," mkwe wangu akasema. "Usimtafute."

Akamweleza yote kwa pumzi moja. Bisibisi akasikiliza ameinamisha sikio kwenye kompyuta, kama wakunga wanavyosikiliza tumbo. Kisha akaichomoa umeme. Ile kt, kt ikakatika, na ukimya wake ukanitisha zaidi.

"Mbona umeizima?" mkwe wangu akapaza sauti. "Iwashe tuangalie jina moja tu! Jina moja!"

"Dada, nisikilize. Hii diski ndani yake kuna sahani inazunguka, na juu yake kuna kama sindano ya santuri. Sindano imeanza kupotea njia. Inaweza kuwaka mara moja tena. Mara mbili, sijui. Tukianza kupapasa humo kutafuta jina, itafia mikononi. Nitaiwasha mara moja, nivute kila kitu kwa mkupuo kwenda kwenye ile nzima ya mapokezi. Kutafuta tutatafutia kule."

"Na isipowaka?"

Bisibisi akaniomba maji ya kunywa.

Nilipomletea, mkwe wangu alikuwa amekwenda kuangalia mzazi wa kitanda cha tatu. Bisibisi alikuwa ameinua disketi moja dirishani, amekisogeza kando kile kibati chake, anaitazama. Akainusa.

"Mama, hizi zinasafishwa na nini?"

"Spiriti," nikasema. "Kila Ijumaa, pamoja na mikasi na vibanio. Nafungua hicho kimlango cha bati, nafuta kwa pamba mpaka ndani."

Niliisema kwa fahari kidogo. Halafu nikauona uso wake. Hakuna aliyeniambia, lakini nilielewa. Maandishi ya wale akina mama wote nilikuwa nikiyafuta mwenyewe, Ijumaa hadi Ijumaa, kwa bidii.

Mkwe wangu akaingia. "Zina nini hizo disketi?"

"Zimechoka," Bisibisi akasema, akazifunika kwa kitambaa. "Disketi hazina maisha marefu. Mama, nishikie tochi hapa."

Nilishika tochi.

Ilikuwa saa moja kasoro. Aliiacha diski imechomolewa, akaiwasha kompyuta kwa disketi yake mwenyewe, aliyoitoa kwenye mfuko wa shati. Maandishi yakapita. Akamtuma mkwe wangu akae mapokezi, mbele ya ile kompyuta nyingine, dirisha likiwa wazi ili wasikilizane uani.

"Napiga hodi," akaniambia. "Huyu anapiga hodi kupitia waya, yule anatakiwa kuitika."

Akaandika, akabonyeza. Tukangoja. Hakuna kitu.

"Dada, kuna kinachoonekana huko?"

"Hamna!"

Akaukagua waya wote, kiungo kwa kiungo, akapanda hadi juu ya ukuta na kuzitupa nguo zangu pembeni. Waya ulikuwa mzima. Akabadilisha kiungo cha nyuma. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Saa ya ukutani ilisema saa moja na robo, kisha saa moja na nusu, na mimi nikimwona mke wa fundi cherehani kila nilipofumba macho. Msichana mwembamba, mwenye pengo linaloonekana akicheka. Aliwahi kunishonea mfuko wa miwani bila kuombwa.

Mkwe wangu akaja mbio. "Niibebe ile kompyuta niilete hapa?"

"Ukiileta bado zinahitaji kuongea. Tatizo liko ndani ya hii." Bisibisi alikuwa akisoma mistari kwenye skrini kwa kidole. Kidole kikasimama. "Hii kadi ya mtandao inatumia namba tano. Namba tano… Hivi karibuni, nani kagusa humu?"

"Kijana wangu," nikasema. "Alikuja likizo akaweka kadi ya sauti. Ananitumia barua ya sauti yake, namsikiliza."

"Basi ndiyo hiyo. Kadi mbili zimepewa kiti kimoja. Kila moja ikitaka kuketi inamkuta mwenzake, zote zinabaki zimesimama." Akasita, bisibisi hewani. "Itabidi niitoe, mama. Na sauti yake pia."

"Itoe! Yeye ana miguu, atakuja aongee mwenyewe."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi ile. Akafungua skrubu moja, akaichomoa ile kadi, akaniwekea mapajani kwa adabu kama anayenipa kifaranga. Akawasha tena. Akapiga hodi.

"Inaitika!" mkwe wangu akapiga kelele kutoka mapokezi. "Kuna kitu kinaitika huku!"

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi.

Sasa ikabaki diski. Bisibisi aliirudishia nyaya zake, akaiacha nje ya sanduku, juu ya kitabu, ili aishike. Akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, una kitu cha kupepea? Ikipata joto inakata roho."

Nikachukua kalenda ukutani. Akabonyeza swichi.

Kt. Kt. Kt.

Akaishika diski kwa vidole vya pande mbili, akaizungusha kidogo kwa kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto tumboni. Kt. Kisha ikatoa mvumo mwembamba, ukapanda, ukatulia.

"Pepea," akanong'ona. "Usiache."

Nikapepea. Akaandika amri ndefu, akaisoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Namba zikaanza kupanda kwenye skrini. Sikujua zilihesabu nini, nilijua tu kwamba zikipanda ni vizuri. Wakati mwingine zilisimama, diski ikakwaruza, na Bisibisi akaacha kupumua. Halafu zikaruka mbele.

"Zinasimama kwa nini?"

"Kuna mahali pamekufa. Nimeiambia iruke, isibishane."

"Na kama jina la yule liko hapo palipokufa?"

"Pepea, mama."

Nikabadilisha mkono. Nikabadilisha tena. Mabega yaliwaka moto, lakini nani angelalamika? Saa mbili na dakika ishirini, namba zikasimama, na safari hii hazikuruka. Diski ikatoa sauti kama kijiko ndani ya glasi, ikanyamaza kabisa. Bisibisi akaizungusha. Akaizungusha tena. Akaiweka chini.

"Imetoa robo tatu," akasema. "Hiyo tu."

Tulikwenda mapokezi karibu tukikanyagana. Bisibisi akaketi, mkwe wangu nyuma yake, mimi nyuma ya wote wawili, kalenda bado mkononi. Akamtaka mkwe wangu ataje namba ya rejista ya mgonjwa. Akaiandika. Kompyuta ikafikiri. Sijui kama ni dakika moja au tatu.

Ukurasa ukatokea. Juu palikuwa na herufi zisizo na maana, nyota na alama za ajabu, na tarehe imekatwa nusu. Mkwe wangu akainama hadi pua ikakaribia kioo. Nilimwona midomo yake ikitembea. Kisha akasoma jina la sindano kwa sauti, herufi moja moja, na chini yake maneno aliyoyaandika mwenyewe mwaka juzi: *asipewe tena kamwe.*

"Nilikuwa nimeshaamua ni ile nyingine," akasema. "Mungu wangu. Moyoni nilikuwa nimeshaamua ni ile nyingine."

Alipiga simu saa mbili na dakika thelathini na tatu. Daktari alirudia jina mara mbili, naye akamjibu ndiyo mara mbili. Kisha hakukuwa na la kufanya.

Hapo ndipo hofu iliponikaa vizuri. Wakati wa kupepea mikono ilikuwa na kazi. Sasa tulikaa watatu jikoni, chai ikipoa, tukiitazama simu. Bisibisi angeweza kwenda zake, alikuwa na kazi mjini. Hakwenda. Alifunga kamba ya kile kiatu chake, akaifungua, akaifunga tena.

Sikuweza kubeba lile jambo zaidi. "Mwanangu," nikamwambia mkwe wangu, "disketi hazikuchoka. Nilizifuta kwa spiriti. Kila Ijumaa, hadi ndani. Fundi ananificha."

Bisibisi akatazama dari. Mkwe wangu akanitazama mimi.

"Na vibanio pia ulivifuta?"

"Vyote."

"Miaka saba, mama, hakuna mzazi hata mmoja aliyepata homa ya uchafu kwenye vitanda vyangu." Hakucheka, wala hakusema si kitu, maana robo ya rejista ilikuwa imepotea na sote tulijua. Alinisogezea kikombe chake, kwa kuwa changu kilikuwa kimemwagika. "Disketi zijazo atatunza Bisibisi."

"Na mimi nitaziweka mbali na Ijumaa," Bisibisi akasema.

Simu ililia karibu na saa tano. Mkwe wangu aliipokea amesimama, akasikiliza, akaketi sakafuni. "Wote wawili wazima," akatuambia. "Mtoto wa kike. Kilo tatu."

Siku ya pili nilikwenda hospitali na mkoba wa nguo za mtoto. Wodi ilikuwa ndefu, na kitanda cha mke wa fundi cherehani kilikuwa cha mwisho, karibu na sinki linalodondoka. Mumewe anaruhusiwa kuingia saa moja tu kwa siku, na ilikuwa imekwisha. Mwenyewe alikuwa amelala ubavu, uso umepauka kwa uchovu, mtoto amekunjwa kifuani.

"Bibi, wameniambia mlinitafutia jina," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nililala pale nikawaza, hawa wananichoma nini sasa? Nikawaza koo linafunga tena. Usiku kucha niliwaza hivyo."

"Hata sisi tuliwaza."

Nilimchana nywele, kwa sababu hakuna aliyekuwa amezichana. Nikambadilisha mtoto. Nesi akaja akagonga kitanda kwa kalamu, muda umekwisha. Nilipoinuka, yule binti alinishika pindo la nguo. Bado alikuwa na woga machoni, ule wa mtu aliyesikia mlango wa kaburi ukifunguka kisha ukafungwa.

"Kesho utakuja tena, bibi?" akauliza. "Njoo mikono mitupu tu. Usilete chochote. Njoo."