Sentensi ya Nne

Jumanne, kipindi cha tatu, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni sentensi nne za mfano, moja ya kila aina: taarifa, amri, mshangao na swali. Tatu zilitoka kama zilivyokuwa kwenye andalio la somo, ambalo mkuu wa shule hulipiga muhuri kila Ijumaa. Swali lilipaswa kuuliza ni saa ngapi. Chaki ikaandika, kwa Kiingereza safi, "Mwalimu wa hesabu yuko wapi?"

Mwalimu wa hesabu alikuwa mumewe. Wiki tatu nyuma wanaume wawili wenye viatu vilivyong'aa walimtoa darasani katikati ya kipindi, na mkuu wa shule ndiye aliyewaonyesha mlango wa darasa lake. Tangu siku hiyo walimu wenzake hawakumtaja tena.

Alifuta ubao. Sentensi tatu zikafutika, swali likabaki. Msafishaji akaleta maji ya sabuni, akasugua, akashika kiuno.

"Hili lina mizizi, dada," alisema, akaenda zake kupiga deki ofisini.

Ubao ukapakwa rangi nyeusi mara mbili. Swali likapenya.

Alhamisi mkuu aliingia na andalio jipya, wino wa muhuri haujakauka. Aina za sentensi zilikuwa tatu.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwalimu," alisema kwa upole. "Na binti yako si yuko darasa hilihili?"

Binti alikaa dawati la mbele. Kila mchana alipanga sahani tatu mezani na kuuliza baba atarudi lini. Swali lile lilimchoma mama yake, na bado alilisubiri, maana hakuna mwingine aliyeuliza.

Mwalimu aliogopa, na woga wake haukuwa wa bure. Akafundisha tatu. Darasa likaitikia kwa sauti moja: taarifa, amri, mshangao. Walipofika mara ya tano swali lilianza kufifia, neno baada ya neno, mpaka ubao ukawa mweusi tii. Mkuu akatia tiki.

Mchana ule binti alipanga sahani mbili.

"Chakula kitamu," alisema. Kisha akasema, "Nipe chumvi."

Mama alingoja lile swali mpaka chakula kikapoa. Alitaka kumuuliza mwanawe kama hakusahau kitu. Akafungua kinywa.

"Kula, mwanangu," akasema.