Kona ya Chini Kushoto

Jumamosi ile Clifford Sutcliffe aliiteremsha Kestrel yake kutoka chumba cha juu, akailaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaifunika blanketi kama mgonjwa. Kisha akaendesha polepole kuelekea ukumbi wa kanisa la Wamethodisti. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini katika mji kama Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, mvua si habari. Njiani alikuwa akiurudia uongo wake kwa sauti, ili wakati ukifika utoke laini.

"Chukua tu, Wilf. Mimi ninayo nyingine darini."

Darini kwake hakukuwa na kitu ila mapambo ya Krismasi na kitanda cha mtoto ambaye sasa ana watoto wake mwenyewe.

Kestrel ni kompyuta. Ilitengenezwa humo humo Uingereza, ikaingia mashuleni, na kwa muda watu wenye akili zao timamu waliamini kwamba itaishinda dunia. Haikuishinda. Kampuni ilipotangaza kwamba haitatengeneza nyingine, gazeti liliandika aya moja, tena chini ya habari za kondoo. Waliobaki nayo walikuwa na chama chao. Kila mwezi walikutana ukumbini, wakanywa chai, wakala keki ya tangawizi ya katibu wao, Enid Barraclough, mwalimu mstaafu wa hesabu, na wakaisengenya ile kompyuta ambayo kila mtu mwingine alikuwa anaitumia. Hawakuitaja kwa jina. Waliiita "ile nyingine," kama mke mkubwa anavyomwita mke mwenzie.

Chama kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akihamia ile nyingine, huleta Kestrel yake ukumbini, huwapikia wenzake chai, kisha mwenyekiti huisomea mashine hotuba ya mazishi. Baada ya hapo mashine huingia kwenye kabati la nyuma, ikangoja kufunguliwa na kugawanywa vipuri kwa walio hai. Mwenyekiti alikuwa Clifford. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia kiwandani, na ulimi wake ulinolewa huko, mahali ambapo usipojua kutania utataniwa mpaka ulie. Norman Lumb, tarishi, alipohama, Clifford alisimama akasema, "Marehemu ameacha mjane mmoja, ambaye kwa bahati mbaya ndiye aliyemuua." Watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Norman naye alicheka. Lakini tangu siku ile, akimwona Clifford sokoni, huvuka barabara.

Sasa basi, mtu huyo huyo, Pasaka ilipofika, alinunua ile nyingine.

Sababu alikuwa nayo. Binti yake aliyeolewa New Zealand alikuwa anamtumia picha za mjukuu, na Kestrel ilikuwa ikizitazama picha hizo kama ng'ombe anavyotazama lango jipya. Alinunua mashine ile kwa ajili ya picha tu, ndivyo alivyojiambia. Akaiweka sebuleni, akafunga mapazia. Baada ya wiki chache alikuwa anasomea habari humo, anaandikia barua humo, na Kestrel imebaki chumba cha juu chini ya kitambaa cha meza. Ubaya zaidi ni kwamba aliipenda. Kila aliyeagana na chama alijua uchungu wa hotuba, lakini Clifford ndiye aliyekuwa akiupika, kwa hiyo aliujua kuliko wote. Akanyamaza.

Huenda angenyamaza mpaka kaburini kama si Wilf Crabtree. Wilf alikuwa rafiki yake tangu shule, dereva wa basi mpaka macho yalipoanza kumwacha. Clifford ndiye aliyemwandikia programu ya kusomea: Wilf anapitisha kifaa kidogo juu ya karatasi, na herufi zinatokea kwenye kioo, kubwa kama visahani, za njano kwenye weusi. Kwa njia hiyo Wilf alisoma barua za hospitali, gazeti na matokeo ya raga, peke yake, na vidole vyake vilikijua kila kitufe. Mwezi wa Juni Kestrel yake ilitoa moshi ikazimika. Kipande cha umeme kilikuwa kimeungua. Kabati la nyuma lilikuwa tupu. Walio hai walikwisha kuwala wafu wote. Tangu hapo barua za Wilf zilisomwa na jirani yake, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango, na mtaa mzima ukawa unajua hali ya kibofu chake.

Clifford aliyajua yote hayo. Kila siku alipanda ngazi kwenda kulala, akaipita Kestrel yake nzima, isiyo na kazi, na kila siku moyo ulimsuta. Kuitoa kulikuwa rahisi. Kueleza kwa nini haihitaji ndiko kulikomshinda. Na Wilf hakuwa mtu wa kukubali zawadi itakayomwacha mwenzake na meza tupu. Ndipo ikazaliwa ile ya darini.

"Umechelewa, mwenyekiti," Enid alimpokea mlangoni. "Chai imekuwa nyeusi kama lami."

"Nimembeba mgonjwa."

Wilf alikuwa amekaa karibu na dirisha, fimbo nyeupe katikati ya magoti. "Ni Clifford huyo? Anahema kama basi langu likipanda mlima."

Clifford akaiweka mashine mezani, akavuta pumzi, akausema uongo wake. Ulitoka laini kama alivyoufanyia mazoezi. Watu wakapiga makofi. Enid akasema huo ndio uanachama.

"Nyingine darini," Wilf akasema. "Ipi hiyo?"

"Ya zamani. Niliipata shule moja walipokuwa wanatupa vitu."

"Hujawahi kuitaja."

"Sasa wewe unataka nikutajie kila kilichomo ndani kwangu?"

"Kumbe," Wilf akasema.

"Hebu iwashe tuone kama inapumua," akasema Enid. "Umfungulie na programu yake, ahakikishe."

Clifford akaiwasha. Kestrel iliamka bila sauti, kama kawaida yake, na wenzake wakasogeza viti. Kufungua programu kwenye Kestrel ni kazi ya kitufe cha kati cha kipanya. Hata mtoto wa chama hicho alilijua hilo kabla ya kujua kusali. Lakini mkono wa Clifford haukumwomba ushauri. Uliupeleka mshale mpaka kona ya chini kushoto, ukabofya. Hakikutokea kitu, kwa sababu kwenye Kestrel kona hiyo haina kitu. Ukabofya tena.

Hakuna aliyekuwapo ambaye hakujua kona ile ni mlango wa nini. Walikwisha kuuona maktabani, benki, na kwa wajukuu zao. Ile nyingine yote huanzia pale.

Enid akavua miwani. "Clifford, unatafuta nini kule chini?"

"Kipanya kinateleza."

"Kimeteleza mara mbili, pale pale." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote. Kuna kosa la bahati mbaya na kuna kosa la mazoea."

Clifford alihisi masikio yanawaka moto. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye meza ya kanisa, mbele ya keki ya tangawizi. Mtu mmoja nyuma akacheka peke yake, akaacha.

"Ninayo ile nyingine," akasema. "Tangu Pasaka. Darini hakuna kitu."

"Najua," Wilf akasema.

"Unajua nini?"

"Kestrel haina feni. Tangu Pasaka kila nikikupigia simu nasikia kitu kinavuma nyuma yako kama unakaushwa nywele saluni. Nawe nywele huna. Macho yamekwisha, bwana, masikio yapo."

Watu wakacheka, lakini Wilf hakucheka, nao wakakoma.

"Kwa nini hukusema?" Clifford akauliza. "Umekaa tangu Juni husomi, unajua yangu imelala bure, na hukuiomba?"

"Ningeiomba, ungenipa ikiwa imefungwa pamoja na uongo. Kama ulivyoileta leo. Mimi nilitaka mashine peke yake."

Clifford aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani mama yake amwite arudi nyumbani.

"Desturi ni desturi," Enid akasema hatimaye. "Aliyehama apike chai."

Akaenda jikoni akapika. Aliporudi na sinia, alikuta wameizunguka Kestrel kama ilivyo ada. Kila mmoja akapokea kikombe chake bila kumtazama. Kikabaki kitu kimoja.

"Hotuba atasoma nani?" mtu akauliza. "Mwenyekiti hawezi kujizika mwenyewe."

Wilf akasimama. Clifford akashika ukingo wa meza. Alijua anachostahili, na alijua Wilf ana ulimi akitaka. Aliwahi kuwatuliza walevi wa basi zima kwa ulimi huo. Wilf akapapasa mpaka akaipata mashine, akaweka kiganja juu yake.

"Hii nimeijua muda mrefu," akasema. "Ni dada yake ile yangu. Haikuwa na haraka, haikuwa na kelele. Na haijawahi kuniongopea."

Akakaa, akaomba sukari.

Hakuna aliyecheka. Clifford alisimama na sinia tupu mkononi mpaka Enid alipomwondolea.

Kwa kuwa marehemu alikuwa mzima, hakuingia kabatini. Jioni hiyo Clifford aliiunganisha nyumbani kwa Wilf, akaweka kila kitu mahali vidole vinapokijua. Wilf akasogeza pua mpaka kwenye kioo, akasoma matokeo ya raga kwa sauti, neno moja moja. Timu yao ilikuwa imefungwa. Alisema asante. Hakumwambia akae anywe chai, na Clifford hakuingoja.

Jumatatu sokoni, penye meza za jibini, Clifford alimwona Norman Lumb. Norman naye akamwona, akaanza kuvuka barabara kama kawaida yake. Safari hii Clifford alivuka pia.

"Norman. Nimehama."

Norman akamtazama juu mpaka chini, mfuko wa viazi mkononi. "Wewe? Nani alikusomea hotuba?"

"Wilf."

"Alisemaje?"

Clifford akamwambia, yote, kwa sababu haikuwa ndefu. Norman alihamisha viazi kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Kumbe mimi ulinihurumia," akasema.