Baba wa Kwenye Filamu

Jumapili ya pili ya kila mwezi, ukumbi wa parokia kule mtaani Jericho uligeuka sinema. Akina mama walitundika mablanketi madirishani, shuka nyeupe ikavutwa ukutani mpaka ikakaza, na Nabiswa, fundi wa redio kutoka Makadara, akaipanga mashine yake juu ya meza ya katekisimu. Wazo lilikuwa la Padri Mulama. Aliona vijana wanakwenda mjini kutazama filamu za makauboi na za karate, wanarudi wanatembea kwa kubetua mabega na kurushiana mateke kwenye foleni ya komunyo. Akasema afadhali watazame pamoja, chini ya paa la kanisa, kisha waulizwe maswali.

Mwuliza maswali alikuwa Katekista Matheka. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo, mtu wa kalamu mbili mfukoni na viatu vya kung'aa. Lakini taa za ukumbi zilipowashwa na filamu kwisha, akasimama mbele ya ile shuka, alikuwa mtu mwingine. Aliuliza ni nani katika filamu alitenda dhambi, na ni nani aliyepewa nafasi ya kutubu akaikataa. Watu walibishana mpaka jasho likawatoka. Yeye aliwasikiliza wote, halafu akasema neno lake, na kwa kawaida neno hilo ndilo watu walilokwenda nalo nyumbani.

Mkewe, Mbeti, alikuwa na sababu yake ya kuzipenda Jumapili hizo. Matheka alirudi kutoka ukumbini akiwa laini. Aliisifu chai. Aliuliza habari za goti la mkewe lililomsumbua. Wakati mwingine hata alicheka. Siku nyingine zote nyumba ilikwenda kwa kikohozi chake: akikohoa mara moja mlangoni, redio ilizimwa na maongezi yakakatwa katikati.

Ndiyo maana Ndindi, binti yao wa kwanza aliyekuwa akisomea upigaji taipu, alipomfuata mama yake jikoni na kumwambia kwamba ana mimba, Mbeti alikaa chini juu ya debe la unga, akafikiri, kisha akasema, "Usimwambie leo. Ngoja Jumapili ya filamu."

"Na kama atanijua kabla?"

"Vaa sweta. Ngoja. Siku hiyo baba yako husikia watu."

"Na akiniuliza ni nani?"

"Ni nani?"

Ndindi akatazama sufuria. "Nabiswa."

Mbeti aliuinua mwiko, akaendelea kukoroga.

Filamu ya mwezi huo ilikuwa ya kauboi. Kijana mmoja, jambazi, amevamia benki na kumpiga risasi karani. Anawindwa jangwani, farasi wake anamfia, naye mwenyewe ana risasi ubavuni. Anatembea siku na siku mpaka shambani kwa baba yake. Mzee anamwona kupitia dirishani. Anamtambua. Anashusha komeo la mlango, anaketi mezani na kuendelea kula. Kijana anabisha mpaka nguvu zinamwishia, na asubuhi wanamkuta amekufa pale pale kizingitini.

Taa zilipowaka, watu wengi walikuwa upande wa mzee. Andati, aliyefanya kazi kiwanda cha mikate na ambaye hakuwahi kukosa kusema, alisimama wa kwanza.

"Mimi nasema mzee alifanya sawa. Yule si mtoto tena, ni muuaji. Ukimfungulia, unakula naye damu ya watu."

"Ni kweli," akasema Phelister, mwenyekiti wa akina mama. "Mtoto akikushinda, mwachie Mungu."

Matheka aliwaacha wamalize. Kisha akavua miwani, na Mbeti, aliyekuwa benchi la tatu na Ndindi ubavuni mwake, akaona macho ya mumewe yamelowa.

"Wapendwa," akasema kwa sauti ya chini, hata waliokuwa nyuma wakainama kusikia. "Mwaniambia muuaji ni kijana. Sawa, aliua. Lakini alikuwa amerudi. Hakurudi na bunduki, alirudi na kidonda. Mliona alipobisha alisema neno gani? Alisema, baba. Mwenye kusema baba ameshaanza kutubu, hata kama hajui maneno mengine. Na yule mzee akaendelea kula. Mimi nawaambia, muuaji mkubwa katika filamu hii ni yule aliyekuwa mezani. Mzazi anayefunga mlango, siku ya mwisho ataukuta wa mbinguni umefungwa, na mwenye kushusha komeo atakuwa yeye mwenyewe."

Phelister alijifuta macho kwa ncha ya leso. Padri Mulama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia mahubiri ambayo angetamani yawe yake. Mbeti alihisi vidole vya Ndindi vikiushika mkono wake na kuubana, naye akavibana pia. Alikuwa na hakika sasa.

Walimwambia saa ya chai, mchana bado mweupe, milango ya majirani iko wazi na watoto wanacheza uani. Matheka alikuwa amevua koti. Alikuwa ameisifu chai. Ndindi alipiga magoti kwenye sakafu ya simiti bila kuambiwa, akasema, "Baba."

Akasema yote. Hakuficha jina la Nabiswa.

Matheka alikiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa. Alimtazama binti yake tumboni, kwenye sweta, kisha akamtazama mkewe.

"Wewe ulijua."

"Nilijua tangu juzi, Baba Ndindi. Nikamwambia asubiri leo. Leo ulivyosema kule ukumbini, kila mtu..."

"Nilisema nini?"

"Juu ya mlango. Juu ya yule mzee."

"Ile ni filamu," akasema Matheka. Hakupandisha sauti. "Yule mzee alikuwa mkulima jangwani. Hakuwa na mtu wa kumtazama. Hakuwa akifundisha watoto wa watu amri za Mungu kila Jumamosi. Mimi nikimweka huyu ndani ya nyumba hii, Jumamosi nitasimama mbele ya watoto hao niseme nini?"

"Sema ulichosema leo," Ndindi akajibu akiwa bado magotini.

Mbeti alijua hapo kwamba wamekwisha. Kama msichana angelia tu, labda. Lakini alikuwa amemjibu kwa maneno yake mwenyewe, na Matheka hakuwa mtu wa kurudishiwa maneno yake. Alikohoa. Nje, watoto waliokuwa karibu na mlango walihamia mbali.

"Mama yake, mfungie nguo."

"Baba Ndindi, jioni inaingia. Aende wapi?"

"Na hilo jina uliache leo. Mimi ni Baba Makau." Makau alikuwa mtoto wao wa pili, aliyekuwa shule ya bweni huko Machakos. "Atakayeniita lile jingine sitamwitikia. Mfungie nguo. Ama ufunge na zako."

Mbeti alifunga nguo. Mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini mikono yake ilikwenda upesi vile, kwa nini ilikunja hata vitambaa vidogo na kuvilainisha, kana kwamba msichana anakwenda harusini. Alilibeba sanduku mwenyewe kwa kuwa hakutaka Ndindi anyanyue kitu kizito. Wakapita kati ya nyumba, majirani wakiwa milangoni na mabakuli yao mikononi, hakuna aliyesalimia. Walifika kwenye bomba la maji, mwisho wa safu yao ya nyumba.

"Mama, nisindikize mpaka Pumwani," akasema Ndindi. "Kuna mama wa mahamri tulikuwa tukinunua kwake tukitoka chuoni. Nitamwomba. Lakini nikiwa na wewe hatanikataa."

Mbeti alifungua mdomo. Nyuma yao, kutoka mlangoni, Matheka aliita mara moja tu: "Mama Makau."

Aliliweka sanduku chini, kando ya bomba, mahali pakavu.

"Baba yako ananiita," akasema, akageuka.

Katika wiki zile Matheka alimwita Nabiswa nyumbani. Mbeti aliandaa chai, akasikiliza akiwa jikoni. Nabiswa alikuja na shati lililopigwa pasi. Akasema hamjui msichana huyo zaidi ya salamu, na kwamba wasichana wa siku hizi hutaja jina la yeyote mwenye kazi. Aliitoa rozari mfukoni akaapa juu yake. Matheka alishusha pumzi, na Mbeti alizitambua pumzi hizo: zilikuwa za mtu aliyesikia alichotaka. Hapakuwa na mwingine katika Eastlands yote ambaye angeiendesha mashine ile bila kuichoma filamu. Wakamaliza chai wakiongea juu ya balbu mpya ya mashine.

Jumapili za filamu ziliendelea. Mbeti alikaa benchi lile lile. Hakuna aliyemuuliza habari za Ndindi. Akina mama wa jumuiya walimwita Mama Makau tangu siku walipomsikia mumewe akimwita hivyo, kwa wepesi kabisa, kana kwamba walikuwa wamefundishwa pamoja. Phelister pekee ndiye aliyegusia, wakiwa wanafagia kanisa. "Msichana huharibiwa na mama," akasema, akiendelea kusukuma ufagio. "Baba yuko kazini, atajuaje?" Mbeti akazoa takataka, akazipeleka nje.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kunyesha na kukatika pale habari zilipomfikia, kwa mchuuzi wa mboga wa soko la Burma, kwamba Ndindi amejifungua mtoto wa kike huko Majengo, Pumwani, nyumbani kwa yule mama wa mahamri, Bi Zuhura.

Mwezi huo waliletewa filamu ya Kihindi, ndefu, yenye nyimbo nyingi, juu ya hakimu anayelazimika kumhukumu mwanawe mwenyewe. Ilipokwisha, Andati alisimama. Hakuwa mtu mbaya, Andati. Alikuwa tu mtu asiyesahau mabishano aliyoshindwa.

"Katekista, nina swali. Ile filamu ya yule kauboi, ulituambia mzee aliyefunga mlango ndiye muuaji. Mimi nilirudi nyumbani nikayafikiri. Sasa sisi wengine tunasikia mambo hapa mtaani. Nauliza tu, neno lile ni la filamu ama ni la watu?"

Mabenchi yalilia watu wakigeuka kumtazama. Mbeti aliyainamia magoti yake. Ndani ya moyo wake, kwa aibu, aliona kuna furaha: sasa atabanwa, sasa itambidi.

Matheka alivua miwani kama siku ile. Macho yalikuwa yamelowa kama siku ile.

"Umeuliza vizuri, ndugu yangu," akasema. "Sitajificha. Wote mnajua nilikuwa na binti. Yule kijana wa filamu alirudi na kidonda akaomba. Binti yangu alinijibu mdomoni, na akalichafua jina la kijana mnyofu aliyeko humu ndani. Injili imetuambia la kufanya na kiungo kinachokukosesha. Ni rahisi kusema juu ya mkono wa mtu mwingine. Mimi niliukata wangu. Na kila jioni nikisali rozari nauhisi ukiuma mahali usipokuwapo. Ndivyo ilivyo gharama ya kumfuata Bwana. Sikuwaambia kabla kwa sababu sikutaka mnihurumie."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kisha wengine. Phelister alikuwa analia. Andati mwenyewe alitikisa kichwa, akaketi, amenyenyekea. Nyuma, kando ya mashine, Nabiswa alikuwa anauviringisha mkanda wa filamu, uso wake mtulivu kama wa sanamu.

Mbeti aliinuka. Hakuna aliyemzuia, walidhani amezidiwa na uchungu. Alitoka nje kwenye jua, akashika Jogoo Road kwa miguu, akapita Kaloleni, akapita Burma, goti likimuuma, mpaka Majengo. Aliuliza nyumba ya Bi Zuhura akaonyeshwa.

Ndindi alikuwa kibarazani akikanda unga. Mtoto amefungwa mgongoni kwa leso. Alimtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mteja aliyekuja kabla mahamri hayajaiva.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona."

Ndindi akageuka kidogo ili uso wa mtoto uonekane. Hakumfungua. Mbeti alinyoosha mkono, Ndindi akasogea nyuma hatua moja, na mkono ukabaki hewani.

"Anaitwa nani?" Mbeti aliuliza, ingawa alijua. Kwao Ukambani, binti asiye na mume akizaa mtoto wa kike wa kwanza, jina ni la mama yake. Tangu mchuuzi amletee habari alikuwa akiliitaita jina hilo, Mbeti, peke yake jikoni, akimwita mtoto.

"Zuhura."

Mbeti aliushusha mkono.

"Alinifungulia," akasema Ndindi. "Nilifika giza linaingia, sanduku kichwani, hakuniuliza kitu. Baba simlaumu sana. Baba nilimjua. Wewe ndiye uliyeniambia nisubiri Jumapili ile. Wewe ndiye uliyenibana mkono pale ukumbini. Halafu ukaliweka sanduku chini kando ya bomba ukarudi."

"Alikuwa ananiita."

"Nilimsikia."

Ndindi aliurudia unga wake. Mbeti alisimama mpaka jua likahamia upande wa pili wa kibaraza. Mwishowe Bi Zuhura, mwanamke mnene mwenye mikono ya mafuta, alitoka ndani akamsindikiza mpaka barabarani.

"Dada, nitakwambia kama mzazi," akasema. "Usirudi karibuni. Kila mtu wa Jericho akipita hapa, hata wa kununua tu, msichana halali siku mbili, na maziwa yanakatika. Mtoto analia njaa. Wewe ni mama yake, itakuwa vibaya zaidi. Mwache anyonyeshe kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akuite mwenyewe."

Mbeti alikubali. Jambo lenyewe lilikuwa la maziwa ya mtoto. Alimshukuru Bi Zuhura, akajifunga leso vizuri kiunoni, akarudi Jericho kupika chakula cha jioni.