Keki Inayooga

Ta! Kibanio cha bati la keki kilijifunga jikoni kabla hakujapambazuka. Mama mkwe akafumbua macho.

"Ameanza," alijisemea, huku miguu ikitafuta kandambili gizani.

Mke wa mwanawe alikuwa amekuja kuazima oveni, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imeungua waya. Alasiri hiyo mwenye mgahawa wa karibu na posta angeonja keki yake ya jibini. Ikimpendeza, binti huyo angepata kazi ya kumwokea kila wiki. Isipompendeza, angebaki kiwandani akishona vifungo, kazi iliyokuwa ikimmaliza macho.

Mama mkwe alioka mikate miaka thelathini, na alistaafu na maoni yake yote yakiwa mazima.

"Jibini ni ya kupaka mkate," alisema akiwa mlangoni. "Nani kakwambia inaokwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hiyo trei ya nini?"

"Ya maji. Bati linakaa ndani ya maji, halafu vyote vinaingia oveni. Maji yanapunguza ukali wa moto, keki isije ikapasuka."

Mama mkwe alicheka kwa pua. "Keki inaoga! Mikate yangu iliingia motoni mikavu na ikatoka imesimama wima. Hii yako uiandalie na taulo."

"Nitaiandalia, mama."

Hilo nalo likamuudhi. Unamrushia mtu maneno makali, yeye anayapokea kwa mikono miwili!

Akasogea mezani. Bati lilikuwa la aina ile inayofunguka ubavuni na kutoka kitako, na binti alikuwa amelivisha karatasi ya foili tabaka mbili ili maji yasipenye.

"Na hiki kinguo? Foili ni ya kufunikia viporo!" Akaibonyeza kwa kidole, mara moja, mara mbili. Pete yake ikakwama kidogo. Alipoinua mkono aliona tundu, dogo kama la sindano.

Binti alikuwa amempa mgongo, anachukua birika.

Sema, moyo ulimwambia. Akanyamaza. Acha aone mwenyewe upuuzi wake. Akatazama maji ya moto yakimiminwa mpaka nusu ya bati, trei ikasukumwa ndani, mlango ukafungwa. Mtu mzima, amestaafu kwa heshima zake, anashindana na karatasi.

Ndipo alipoiona chai yake mezani, imefunikwa kisosi isipoe. Chini ya kiti chake kulikuwa na kile kizulia cha sebuleni, kimetandikwa pale miguu yake inapogusa sakafu ya baridi. Binti hakusema neno juu ya hayo. Hakuwahi kusema.

Mama mkwe akapiga funda moja. Sukari ilikuwa kipimo chake hasa.

"Itoe," alisema.

"Mama?"

"Itoe, nimesema! Nimeitoboa foili kwa pete. Nimeona, na nimekaa kimya kama mwizi."

Binti hakupoteza muda kuuliza kwa nini. Alivuta trei, akanyanyua bati kwa vitambaa viwili, akabandua foili. Maji ya kijiko kimoja yalikuwa yameshaingia, na biskuti zilizosagwa, zilizotandazwa chini ya keki, zimelowa upande mmoja.

"Usinililie hapa, utatia keki chumvi," mama mkwe alisema, naye ameshaingia kabatini mpaka mabegani. Akatoka na bati lake la kazini, zito, jeusi, lisilo na kiungo hata kimoja, linalozidi lile kwa upana wa kidole. "Hili halijavuja tangu hujazaliwa. Kausha lako, liweke humu, kisha hili ndilo likaoge. Kinguo chako katupe."

Keki ikarudi motoni. Saa nzima mama mkwe alikaa mbele ya oveni akiidharau kwa sauti.

"Haina rangi. Tazama katikati inavyotetemeka, kama mwoga!"

"Ndivyo inavyotakiwa, mama. Tunazima moto, inapoa humo humo."

"Hata kuiva haijui!"

Lakini binti alipotaka kufungua mlango achungulie, alipigwa kofi mkononi. "Acha! Utaipasua."

Jioni binti alirudi na bati jeusi, limesuguliwa likang'aa. Ndani yake mlikuwa na kipande kimoja juu ya kisosi.

"Mwenye mgahawa kaniuliza kwa nini chini pamelowa upande mmoja."

Mama mkwe akakaza shingo. "Ukamwambia nini?"

"Kwamba maji yalinipenya, na dawa yake nimeshaipata. Anataka mbili kila Jumanne."

*Yalinipenya*, amesema. Hakumtaja mtu.

Mama mkwe akaonja, akatafuna polepole kitu kisichohitaji kutafunwa. "Laini kama chakula cha mgonjwa," alisema. Akala yote. "Jumanne uwahi basi, oveni ichukue moto."

"Fundi anakuja kesho kutengeneza ya kwetu, mama."

Mama mkwe alikifuta kisosi, akakifuta tena kikiwa kimeshakauka.

"Fundi wa mwanangu? Yule hata balbu inamshinda. Njoo hapa hapa, mwanangu. Na siku zisizo na keki pia. Njoo tu unitembelee."