Geuza Uso Kabla ya Kufunga Mzabibu

Giuditta alipopewa kazi ya kutafsiri maneno ya kutunza mizabibu, kutoka Kitaliano kwenda Kiingereza, mama yake alifurahi, kisha papo hapo akaanza wasiwasi. Ndivyo Nerina alivyokuwa. Wafanyakazi wa Ayalandi walikuwa wanakuja Jumatatu kusaidia kwenye vilima vya Friuli, Italia, na ushirika wa wakulima ulitaka kila mmoja ajue anachokifanya.

"Na lile la kupinda, umeshaliandika?"

"Capovolto? Tayari. Tawi refu linapindwa kama upinde, ncha inafungwa kwenye waya wa chini. Basi."

"Basi tu?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mama. Mimi natafsiri, situngi."

Nerina alihisi kuna kitu kimeachwa nje, ila hakukijua ni kipi.

Ijumaa Giuditta akaenda shambani kwa mjomba wake Ezio, akajionee kwa macho maneno aliyoyaandika. Nerina akamfuata na chupa ya kahawa, maana baridi ya Februari haina huruma. Ezio alikuwa amepiga goti kwenye tope.

"Karibu, profesa! Umekuja kuufundisha mzabibu Kiingereza?"

"Nimekuja kukutazama, mjomba. Pinda polepole."

"Nikipinda polepole utazeekea hapa."

Giuditta akainama karibu kabisa. Ezio akalivuta tawi mpaka likalia, akageuza uso pembeni, akaanza kuzungusha kijiti laini cha kulifungia kwenye waya. Kijiti kikateleza. Tawi likafyatuka kama fimbo, na Giuditta akapiga ukelele, viganja vimefunika jicho.

Chupa ikamponyoka Nerina.

"Toa mkono! Toa mkono nikuone, mwanangu!"

Damu ilikuwa ikichuruzika. Nerina aliogopa kutazama, akatazama. Jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi, lakini zima. Tawi lilikuwa limechana shavu, upana wa kidole tu chini ya jicho.

"Unaniona?"

"Nakuona. Unalia kuliko mimi."

"Lakini mimi niligeuza uso," Ezio akasema.

"Uligeuza wako, Ezio! Wa mtoto wangu angeugeuza nani?"

Kilimani pale kila mtu hugeuza uso kabla ya kufunga. Watoto huiga wakiwafuata wazazi wao kati ya mistari ya mizabibu, kwa hiyo hakuna anayelisema jambo hilo, na aliyeandika kitabu hakuliandika. Giuditta alikulia mjini Udine, baba yake akifanya kazi ya reli. Nerina mwenyewe aligeuza uso kila majira ya baridi ya ujana wake, na hakuwahi kumwambia mwanawe hata mara moja. Enyi wazazi, msidhani mtoto anajua kwa sababu ninyi mnajua. Semeni.

Mchana ule, kitambaa cha barafu kikiwa shavuni, Giuditta aliandika kwa Kiingereza kando ya neno capovolto: geuza uso, na mwambie aliye karibu nawe ageuze wake.

"Kitabu hakisemi hivyo," Nerina akamtania.

"Kitabu hakina macho, mama."

Ezio akaja nyumbani na jibini kubwa, hajui aombe msamaha vipi. Nerina akamkalisha, akampakulia polenta ya moto, ule ugali wao wa mahindi, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akasahau kula. Alikuwa anamwangalia binti yake tu.

"Mama, unanitazama mno."

"Niache," alisema Nerina. "Niache nitazame."